Ukifundisha shimo jeusi, anza na nyota, gesi ifuate

Nafundisha fizikia hapa Kigoma, na hakukosi mwanafunzi wa kuuliza: kama shimo jeusi, lenye mvutano mkali hata mwanga hautoki, halionekani, waliolipima walitumia mizani gani? Walimu wenzangu, msikimbilie ile picha ya mwaka 2019, ya shimo jeusi la galaksi ya M87. Watoto wataishangaa, na swali litabaki palepale. Wapeni hesabu.

Anza na nyota ya S2, inayolizunguka shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu, Sagittarius A*. Mzunguko mmoja huchukua miaka 16 hivi, na wastani wa umbali wake ni kama mara 1,000 ya umbali wa Dunia na Jua. Sasa kanuni ya Kepler: kipeo cha tatu cha umbali, gawanya kwa kipeo cha pili cha miaka. Bilioni moja kwa 256. Jibu ni milioni 3.9, yaani shimo lina uzito wa majua karibu milioni nne! Hapo darasa huchafuka. Wapo wanaorudia wakidhani wamezidisha sifuri. Wataalamu nao wanasema milioni nne na ushee. Wanaastronomia Reinhard Genzel na Andrea Ghez walifuatilia nyota hizi tangu miaka ya 1990 hadi wakapewa Nobel mwaka 2020.

Gesi nayo hulizunguka shimo jeusi na hupima uzito wake, ila ije baadaye, kwa sababu ni korofi. Nyota hutii mvutano tu, basi. Gesi husukumwa pia na sumaku, milipuko na pepo za nyota, ikayumba kama moshi wa kuni. Kwenye ile galaksi ya M87, gesi ilitoa uzito wa majua bilioni 3.5, nyota zikatoa bilioni 6.6. Ile picha ya 2019 ilipokuja, ikasema bilioni 6.5.

Ila msiidharau. Katika galaksi ya NGC 4258 kuna sahani nyembamba yenye mvuke wa maji, inazunguka kwa adabu kabisa, na uzito uliopatikana humo, majua milioni 40 hivi, ni kati ya vipimo vinavyoaminika zaidi.

Mkitaka kutoka nje kutazama katikati ya galaksi yetu, ngojeni mwishoni mwa Agosti, usiku usio na mwezi, kama saa mbili na nusu. Wavuvi wa dagaa nao hupenda giza hilo, kwa hiyo yapeni ziwa na taa zao mgongo, kisha tazameni juu upande wa kusini, kati ya makundi ya nyota ya Nge na Mshale. Atakayeuliza S2 ni ipi, mwambieni ukweli: haionekani kwa macho. Vumbi la galaksi limeiziba, na darubini kubwa za Chile na Hawaii huifikia kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho lakini hupenya vumbi.