Kujitolea Olduvai: utaanzia kwenye chekeche

Ndugu, umeuliza kama asiye na shahada anaweza kujitolea kuchimba mabaki ya binadamu wa kale Olduvai, bonde lililo kaskazini mwa Tanzania, na atapewa kazi gani. Anaweza, mradi ajiunge na timu yenye kibali cha utafiti.

Utaanzia kwenye chekeche, na usiidharau kazi hiyo: vipande vingi vya fuvu la Zinj, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililogunduliwa Olduvai 1959, vilipatikana kwa kuchekecha. Mimina udongo kidogo kidogo, uutandaze kwa vidole. Ukijaza na kusukuma kwa kiganja, jino husagika kwenye waya. Enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, hung'aa hata ikiwa na vumbi. Mfupa uliovunjika mara nyingi huonyesha vitundu kama vya sifongo. Kila ndoo ina kibandiko kinachotaja mraba wa uchimbaji, tabaka la udongo na kina ulikotoka. Kikipotea, kipande hakijulikani kimetoka wapi, na thamani yake kubwa imekwenda.

Ukikuta mfupa ungali ardhini, usiuvute, utakatika. Mwite msimamizi aupime kwanza. Kuufukua tumia kijiti cha mianzi na brashi laini. Chuma huacha mikwaruzo inayofanana na alama za zana za mawe, ikapotosha watafiti.

Beba kofia pana, maji mengi na kitu cha kupigia magoti.