Mwanangu, kuhusu zile dawa za kuamsha kinga

Mwanangu,

Umeniuliza mbona watu wanahangaika kutafuta antibaiotiki kali zaidi na bakteria wanazidi tu kuwa sugu, si watengeneze dawa ya kuipa nguvu kinga ya mwili imalizane nao yenyewe. Wameshaanza zamani, tena zingine zinatumika. Chukua imikwimodi, ile krimu ya chunjua za sehemu za siri, yenyewe haiui kirusi hata kimoja, inazishtua seli za kinga pale kwenye ngozi zitoe interferoni, yaani protini za kuziamsha seli zingine zipambane na virusi, halafu kinga inamalizia kazi, ndo maana ukipaka panakuwa pekundu na panawasha. Na faida umeiona mwenyewe, kijidudu kinajifunza kuikwepa dawa inayokipiga moja kwa moja, ila dawa inayofanya kazi ndani ya seli zako kuikwepa ni shughuli.

Sasa shida inakuja kinga ikiamka vibaya, manake inakugeukia wewe. 2006 huko London walijaribu TGN1412, haikuwa dawa ya maambukizi lakini iliamsha seli T (askari wa kinga), kwa nyani ilionekana salama kabisa, wakapewa vijana 6 wazima wa afya, tena dozi ndogo mno kuliko ya wale nyani, na ndani ya masaa wote 6 walikuwa hoi wakaishia ICU. Hakufa mtu, bahati.

Na wakati mwingine inabidi hiyo kinga uipoze! Homa ya uti wa mgongo ya TB, utafiti wa Vietnam wa 2004 ulionyesha ukiongeza deksamethazoni, dawa ya steroidi inayopoza kinga, juu ya dawa za TB vifo vinapungua. Korona 2020 hivyohivyo, kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia vifo vilipungua kama theluthi moja.

Kama bado unatafuta mada ya risechi mi ningeenda TB, yule bakteria anajificha ndani ya makrofeji, seli ileile iliyotakiwa kumla (ujeuri huo), na kuna wanaojaribu metformini, hii hii ya kisukari, waone kama itaisaidia seli immalize huku mgonjwa anaendelea na dozi yake ya kawaida. Ila ukimwandikia msimamizi wako usiseme tu unataka kuongeza kinga, atakurudishia karatasi, mwambie seli zipi, wakati gani wa ugonjwa, na ikizidi utaizima na nini.