Ukuta wa chuma uliochapwa kwa waya: mbona unakatika mapema ukivutwa wima?

Swali: Nimechapa ukuta tabaka juu ya tabaka kwa tochi ya kulehemu ya MIG (inayoyeyusha waya kwa umeme ndani ya gesi ya kinga) iliyofungwa kwenye roboti, waya wa chuma cha kaboni kidogo aina ya ER70S-6 wa mm 1.2. Sampuli nilizokata kwa ulalo wa matabaka zilihimili MPa 500 (megapaskali, kipimo cha nguvu kwa eneo). Za wima zilikatika kwenye MPa 410, tena bila kurefuka vya kutosha. Juu ya ukuta ni pagumu kuliko katikati. Je, nikiupasha moto kwenye tanuru utakaa sawa?

Jibu: Weka tanuru kando kwanza, haliungi mahali ambapo hapakuyeyuka.

Ugumu wa juu ni wa kawaida. Kila tabaka jipya hupasha la chini yake kupita nyuzi 900 za Selsiasi hivi. Chuma hugeuka osteniti (muundo wake wa joto kali), na kikipoa hutoa chembe, yaani fuwele, ndogo za feraiti (muundo laini) zenye pealaiti kidogo (muundo wenye kaboni zaidi). Tabaka la mwisho halipashwi tena, hivyo hubaki na feraiti ya sindano na beinaiti, miundo iliyo migumu zaidi. Usikate sampuli hapo.

Mgeuko huohuo hufuta chembe ndefu zinazoota kuelekea juu, ndiyo maana chuma cha kaboni kidogo hakitofautiani sana wima na ulalo. Chuma cha pua, kama cha daraja la kuvukia lililochapwa na kampuni ya MX3D na kufunguliwa Amsterdam 2021, ni habari nyingine: chembe hizo hubaki.

Kwa hiyo anza kushuku kipimo chako. Mawimbi ambayo matabaka huacha pembeni mwa ukuta yamelala. Ukivuta wima, kila bonde ni mkato. Na taya za kalipa, kifaa cha kupimia unene, hukaa kwenye vilele, hivyo unagawanya nguvu kwa eneo kubwa kuliko lililopo bondeni. Kilele kikiwa mm 6 na bonde mm 5, MPa 410 yako ni 492 halisi. Chonga pande zote mbili kwa mashine hadi mawimbi yaishe, kisha vuta sampuli tatu.

Zikikatika mapema tena, tazama uso wa mvunjiko kwa lenzi. Mgongo wa mshono (mstari wa chuma kilicholehemiwa) uliobaki laini na wa mviringo maana yake tabaka la juu lilikaa tu bila kuyeyusha la chini. Vipande vya kahawia kama kioo vinatokana na silikoni na manganizi ya waya huu; vitoe kwa brashi ya waya baada ya kila tabaka, ingawa inachosha. Vitundu vya duara ni gesi: kagua upepo, kutu, na mtiririko wa lita 15 kwa dakika.

Anza tabaka jipya wakati lililo chini yake lina nyuzi 150 hadi 200. Likipoa kabisa, muungano huwa dhaifu. Ukichapa bila kupumzika, joto hulundikana, chembe hukua na nguvu hushuka.