Maswali ya wasomaji: Nikiingia, wenzangu wananyamaza

SWALI: Nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu, hapa Bukavu. Mwanzoni mwa mwaka nilichaguliwa prezidanti wa MUSO yetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, chenye watu 24. Tangu hapo wenzangu tuliokuwa tunataniana kila siku, wakiniona wananyamaza. Nasikia wanasema najivuna. Sijui nimewakosea nini. (Maman wa Kadutu)

JIBU: Maman, huenda hujamkosea mtu hata neno moja. Anayetaka mkopo wa dola 100 mwezi ujao hawezi kukutania kama zamani, maana anajua kauli yako ina uzito. Kwa hiyo kuwanunulia soda hakutasaidia. Ondoa mkononi mwako kile kinachowatia woga.

Anza na kasha. Liwe na kufuli tatu, funguo zikae kwa wanachama watatu wasio wa komite, kasha lenyewe lilale kwa mtu mwingine. Wewe usishike kasha wala ufunguo. Pesa zihesabiwe na watu wawili kwa sauti, mbele ya wote, na salio litamkwe kabla ya kufunga, ili kila mtu aende nalo kichwani hadi mkutano ujao. Prezidanti anayelala na kasha kwake, hata asipogusa faranga moja, huwafanya watu waombe akiba yao wenyewe kana kwamba ni msaada.

Kwenye mikopo, usiwe wa kwanza kusema. Ukitangulia na "mimi naona tumpe", mikono itainuka kukufuata wewe. Aanze aliyeingia kikundini mwisho, wewe umalizie. Jambo likiwa zito, pigeni kura ya punje: kila mtu apewe haragi moja na hindi moja, haragi ni ndiyo, hindi ni hapana. Atumbukize punje moja ndani ya mfuko wa kitambaa, nyingine abaki nayo kiganjani, kisha punje zihesabiwe hadharani. Hapo mwenye deni kwako naye anaweza kukupinga.

Ukitaka mkopo wewe mwenyewe, makamu aongoze na utoke chumbani mpaka waamue. Ikiwa kanuni yenu ni mara tatu ya akiba, kwako pia iwe tatu. Ukichelewa mkutanoni, lipa amande, yaani faini, kabla hujaketi.

Kasha jekundu, lile la ugonjwa na misiba, ndilo linaloponza viongozi wenye moyo mzuri. Prezidanti anamwongezea rafiki kidogo kwa huruma, halafu mjane mwingine anapata kiasi cha kawaida. Hakuna anayelalamika mkutanoni, lakini wiki zinazofuata michango inapungua na wengine wanaanza kutuma watoto badala ya kuja. Andikeni kiasi kwa kila aina ya tukio: kufiwa na mzazi, na mwenzi, na mtoto, kulazwa hospitali. Ukitaka kuzidisha, toa kwenye pochi yako, nje ya mkutano.

TANU, chama cha siasa cha Tanzania wakati wa Nyerere, iliwafundisha wanachama wake kuahidi kwamba "cheo ni dhamana". Lakini haikuishia kwenye ahadi. Azimio lake la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi, na kumiliki nyumba za kupangisha. Waliolitunga hawakutaka kutegemea moyo wa mtu peke yake, na sisi tunaona walikuwa sahihi katika hilo.

Jambo moja la kuangalia: wengine wakiogopa kuitwa wenye kiburi huacha kudai madeni. Usifanye hivyo. Mkopo uliochelewa usomwe kwa jina na kiasi, kwa sauti ileile kwa tajiri na kwa maskini. Utani utarudi polepole, labda si wote.

SWALI: Niliendesha pikipiki miaka mingi, sasa ninazo nne na vijana wanne. Wananiita boss lakini wananificha mambo. Juzi breki imeharibika, nimejua baada ya ajali ndogo. Mimi niliteseka zaidi yao na sikulalamika. (Msomaji wa Panzi)

JIBU: Kaka, sentensi yako ya mwisho ndiyo inayowafunga mdomo. Aliyepita kwenye shida akatoka, mara nyingi huwa mkali kuliko ambaye hakuipitia, kwa sababu anapima wengine kwa nguvu alizokuwa nazo siku zile. Kijana akisema breki imelegea anajua atajibiwa kwa hadithi ya mateso yako.

Andika makubaliano ya ukurasa mmoja: kiasi cha kurudisha kila jioni, kiasi cha siku ya mvua kubwa au barabara kufungwa, nani analipa tairi, mnyororo, oili, polisi. Siku moja kwa wiki, kabla ya kazi, kagueni pamoja breki, taa, tairi na mnyororo, mkono wako nao uchafuke. Anayeripoti hitilafu kabla ya ajali asikatwe hata faranga. Ukimkata mara moja tu, wote wanne watanyamaza tena. Na anayekuita boss kila sentensi, mchunguze hesabu yake kama wengine: mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

SWALI: Kaka yangu amekuwa mkuu wa mtaa, hasalimii tena wazee waliomlea. Nimwambieje? (Mdogo wake, Bagira)

JIBU: Mwambie mkiwa wawili tu, kamwe si mbele ya mke wake au wanaomfuata, na si siku unapohitaji pesa kwake. Usiseme "umebadilika", atabisha. Mtajie tendo moja: mzee fulani, mahali fulani, ulipita bila kusimama. Kisha umwombe muende pamoja kwa mzee huyo jioni, kwa miguu, bila wasindikizaji. Akikataa, mpelekee neno mjomba wenu au shangazi, yeyote aliyemsikiliza tangu utotoni.