Sindano iliyoachwa kwenye shuka

SWALI: Shangazi, mimi ni msaidizi wa wauguzi katika zahanati ya binafsi. Jana alfajiri nikikusanya shuka, sindano iliyosahaulika ilinichoma kidole, glavu na yote. Nilikinyonya, nikaendelea na kazi. Msimamizi ananikataza kuandika popote, eti nitajiharibia kibarua. Nifanyeje? – Msomaji, Kayole

JIBU: Mwanangu, nilikupigia simu papo hapo, na nashukuru ulishika matatu ya kwenda hospitali siku ileile. Haya nayachapa kwa ajili ya wenzako.

Kidole hakinyonywi wala hakikamuliwi. Kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha kimbilia dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi. Zianze ndani ya saa 72, na kila saa unayopoteza ina gharama. Utazimeza siku 28. Tumbo likichafuka, mwambie daktari, usiziache kimyakimya. Uliza pia kuhusu homa ya ini aina ya B. Chanjo yake ni dozi tatu, na wasaidizi wengi hawajawahi kupewa hata moja. (Mimi mwenyewe niliipata nikiwa nimeshafanya kazi miaka kumi na minne. Aibu tupu.)

Kuhusu msimamizi: andika. Tarehe, saa, kitanda, aliyekuwepo. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka 2007, itamlinda kwa shida aliyenyamazishwa bila karatasi. Tena sindano ile ingeweza kumchoma mgonjwa kwanza. Aliyeitumia alipaswa kuitupa mwenyewe kwenye kisanduku cha sindano, palepale kitandani.