Jibu: Oili ya bei nafuu kwa Boxer 150

Habari ndugu. Umeuliza kama oili ya gari inafaa kwenye Boxer yako ya bodaboda kwa kuwa ni ya bei chee. Kabla ya bei, geuza chupa utafute 20W-50 (namba ya uzito wa oili) na herufi JASO MA au MA2 (alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki). Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za gari huifanya iteleze. Yalinikuta: mlimani injini inalia, pikipiki haisogei, abiria kashuka anatembea. Alama hizo zikiwepo, ya kawaida inatosha, sintetiki si lazima. Kagua muhuri wa kifuniko, zilizochakachuliwa zipo. Mimi namwaga kila kilomita 2,000, na kiwango nakiangalia kila asubuhi kabla ya kuwasha.