Uliza Fundi: Kubadilisha oili mwenyewe

SWALI: Fundi, nataka kubadilisha oili ya gari langu nyumbani. Sijawahi kushika spana. Nijihadhari na nini?

JIBU: Umechagua vizuri, kazi za breki ziache kwanza. Washa injini dakika chache, oili ipate uvuguvugu ishuke kwa urahisi. Ikichemka itakuunguza. Egesha mahali tambarare, weka kigingi kwenye tairi, na usiingie uvunguni gari likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Stendi ndizo za kubeba. Hapo sina mzaha.

Hakikisha nati ya kumwagia oili unayofungua huko chini ni ya injini, si ya giaboksi. Nilipokuwa najifunza nilimwaga ya giaboksi, kisha nikajaza oili mpya juu ya ile chafu ya injini. Bosi wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Filta ya oili, ile ya kuzungusha, ndiyo yenye visa. Ukiitoa, pitisha kidole pale ilipokaa: raba ya zamani hupenda kubaki imegandia injini. Ukifunga mpya juu yake, oili itaruka mara tu uwashapo. Raba mpya ipake oili kidogo, kaza kwa mkono, spana iweke mbali.

Rudisha nati, jaza kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, washa dakika moja, chungulia kama inavuja. Zima, subiri kidogo, ndipo uchomoe stiki ya oili upime kiwango. Oili chafu tia kwenye dumu, peleka gereji inayoikusanya. Mtaroni hapana.